Kava, filamu au seramiki? Nataka kuilinda 240Z na watu wema

Zedi_ya_Urithi
Wakuu habari zenu. Nina Datsun 240Z niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, imetoka kupigwa rangi. Wezi siwaogopi sana, shida yangu ni wasamaria wema. Mlinzi wa ofisini anaifuta kila asubuhi kwa dasta kavu, nikifika ananiambia "bosi, chombo kinang'aa." Usiku chini ya taa za sheli, boneti yote ni miduara ya mikwaruzo. Nachagua kati ya kava la gari zima, filamu ya plastiki ya kubandika juu ya rangi, au seramiki, ile dawa ya kupaka inayokauka ikawa tabaka gumu. Ipi bora?

FundiBodi_Kinondoni
Mkuu, umetaja dawa tatu na ugonjwa nusu. Rangi ina kliya, lile tabaka la juu lisilo na rangi, au ni ya tabaka moja kama za zamani? Gari inalala ndani au chini ya mwembe? Uko mji gani?

Nyali_Upepo
Na bajeti je? Kila siku mnatuletea maswali ya hela bila kutaja hela.

Zedi_ya_Urithi
Niko Dar. Usiku inalala ndani, mchana iko nje ofisini. Rangi, fundi alisema tu "ni nzuri."

FundiBodi_Kinondoni
Hahaha, "ni nzuri." Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua sehemu isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna kliya juu. Hapo kila mfuto wa mlinzi unakula rangi yenyewe. Filamu usiiguse kabla hujajua chini kuna nini. Kama rangi haikushika vizuri, au kuna puti ya kulipualipua, siku ya kuibandua itaondoka na rangi. Na rangi mbichi iache ikauke hadi ndani kwanza. Seramiki inarahisisha kuosha, lakini dasta yenye mchanga haiizuii.

Nyali_Upepo
Kava tu. La pamba laini kwa ndani, linalopumua. Asiyeiona hatoigusa.

FundiBodi_Kinondoni
Kava mchana, nje, Dar? Ukilivika juu ya vumbi umeivalisha gari msasa, upepo wa bahari ndio fundi wa kusugua. Lile la nailoni linafungia unyevu, na bati za Zedi kwa kutu zinajulikana dunia nzima. Na atakayelivika ni nani? Mlinzi huyohuyo.

MamaMG
Kuhusu wasamaria wema, niacheni niseme langu. Nina MGB ya 1965. Wanaozijua wanajua: mpaka 1967 zilitoka na chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, na betri zake ni mbili za volti sita, zimefichwa nyuma ya viti. Ikanizimikia sheli, chaji imeisha. Nikaingia dukani kununua maji huku nikimsubiri fundi wangu. Kutoka, nakuta kaka mmoja na pikapu yake, boneti zote mbili ziko wazi, waya za kubusti mkononi. Betri hakuziona, basi akatafuta waya mnene wenye moto akabana nyekundu, nyeusi akaibana kwenye bodi, kama alivyozoea. Nilipaza sauti, nikachelewa. Cheche, kisha harufu ya plastiki, ngozi ya zile waya ikalainika ikashikana na bomba la redieta. Chaja ya simu niliyokuwa nimefungiwa ikafa palepale, na fundi alipokuja akabadilisha waya za upande mzima. Yule kaka alikuwa anatetemeka, anasema "dada, nilitaka usikae juani." Utamgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Nikamnunulia soda. Sasa nimebandika karatasi ndani ya boneti kwa herufi kubwa: CHANYA IKO KWENYE BODI, USIBUSTI.

Tumbili_wa_Nakuru
Pole sana dada. Mimi wangu walisukuma. Vijana wanne, kila mmoja na kiganja katikati ya bati, wakaacha mabonde manne. Siku hizi nikizimikiwa nashuka kwanza, nawaonyesha pa kushika: nguzo ya mlango, au ukingoni penye chuma mara mbili.

Mzee_Safari73
Vijana, hiyo Zedi iheshimuni. Ndiyo iliyochukua Safari Rally 1971 kwa Herrmann, na 1973 kwa Shekhar Mehta. Ilikula matope na mawe, nyinyi mnalilia dasta.

Tumbili_wa_Nakuru
Shikamoo mzee. 1973 si Mehta alifungana pointi na Källström?

Mzee_Safari73
Marahaba. Walifungana, Mehta akapewa ushindi kwa kwenda mbali zaidi bila adhabu. Na Källström naye alikuwa kwenye Datsun, kwa hiyo ubishi wako hauna faida.

Nyali_Upepo
Turudi kwenye kava.

MamaMG
Turudi kwa mlinzi. Zedi, umeshakaa naye mkaongea? Mnunulie ndoo mbili na kitambaa cha manyoya laini, mwambie maji kwanza, mkono baadaye. Anataka kukuonyesha kuwa anafanya kazi. Mpe kazi ya kuzuia wengine wasiiguse, utashangaa atakavyokuwa mkali.

FundiBodi_Kinondoni
Zamu ikibadilika anakuja mwingine na dasta yake mfukoni. Mimi namwambia apaki ndani, ofisini aende na IST.

Zedi_ya_Urithi
IST sina mkuu, Zedi ndiyo gari yangu ya kila siku. Halafu boneti: bawaba ziko puani, inafunguka upande wa kioo, lakini kila anayetaka kunisaidia anaingiza vidole mbele na kuvuta. Filamu itasaidia kwenye ule ukingo tu?

Tumbili_wa_Nakuru
Kila siku?! Hilo ungelisema mwanzo. Kabureta zake mbili unazimudu vipi kwenye foleni ya Mwenge?

Nyali_Upepo
Ukitaka kava la pamba kuna jamaa anashona kwa kipimo, Mombasa. Njoo inbox.

Mzee_Safari73
Mimi pia nitumie namba yake, nina 1600SSS imekaa tu hapa nyuma ya nyumba.