Naomba ushauri: picha ya kolekole kabla ya kumrudisha majini

Hamjambo wavuvi wenzangu. Navua kwa mshipi huku Watamu, kwenye mashua ya binamu yangu, na siku hizi samaki wengi nawaachia. Kijino cha ndoana nimekibana kwa koleo ili itoke upesi. Shida ni picha.

Jumamosi nilipata kolekole wa kilo kama 8. Simu iko ndani ya mfuko wa nailoni, vidole vimejaa ute, kioo hakisikii. Binamu kamshika mkia kwa mkono mmoja, kichwa kinaning'inia, na mimi "subiri, subiri." Tulipomrudisha akalala ubavu. Nikamshikilia kando ya mashua, mdomo ukielekea mkondo, matamvua yakifunguka polepole, mpaka akapiga mkia na kunimwagia maji usoni. Picha yenyewe? Kidole changu na jua.

Najua mikono iloweshwe kwanza, maana mikavu inabandua ule ute unaomkinga na maradhi, na samaki mzito abebwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo. Sulisuli ndio simtoi majini kabisa.

Sasa nyinyi mnaovua wawili tu, nani anashika nini? Mnamwacha ndani ya wavu majini mpaka kamera iwe tayari? Kuna anayefunga kamera ndogo kichwani, na picha zinatoka vizuri kwa jua la saa sita? Na wavu wa mpira unapatikana wapi hapa Pwani? Huu wangu wa nyuzi unawachubua.