Visheti vinanatana, sukari haikauki: nakosea wapi?

Dada wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Nina genge dogo huku Mbagala na watoto wa shule hawapiti bila kuulizia visheti. Nimekuwa nikichukua kwa jumla, sasa nataka nikaange mwenyewe. Vikitoka karaini havina neno, balaa linaanzia kwenye shira. Nataka ile sukari nyeupe iliyokauka, inayoacha ungaunga vidoleni. Ninachopata vinang'aa, vinashikana bonge moja, na kesho yake mfuko umelowa. Halafu ndani vigumu, ukiuma kama kokoto.

Unga nusu kilo, mafuta ya kula vijiko viwili, maji, chumvi, iliki. Shira ni sukari, maji na ndimu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kijiweni:
Navuta kiti. Wataalamu wanakuja.

Chachandu:
Ongeza ndimu, shoga. Mie kaimati zangu nikisahau ndimu, shira inageuka mchanga sufuriani.

Mama Wawili:
Chachandu, usimpoteze mwenzio, na jibu umelitoa mwenyewe. Ndimu inazuia shira isigande. Kaimati inatakiwa inywe shira na ing'ae, kwa hiyo ndimu ni sawa. Visheti tunataka sukari igande juu yake. Mdogo wangu, ndimu toa kabisa.

Kwa huo unga wako chukua sukari kikombe kimoja na nusu, maji robo tatu ya kikombe. Chemsha hadi iwe nzito: chota tone, lipoe kidogo, libane kwa kidole gumba na cha shahada, ukiachanisha livute uzi. Mimina visheti, epua, anza kugeuza kwa mwiko na usipumzike. Mwanzo vitang'aa vilevile na utataka kukata tamaa. Endelea. Shira itapauka, mwiko utakuwa mzito, halafu utasikia vinagongana sufuriani, kila kimoja kivyake. Hapo mwaga kwenye sinia.

Hayo makokoto ni kwa sababu mafuta ni machache. Yeyusha samli, weka vijiko vitano vya chakula, usugue kwenye unga mkavu mpaka ukiufumbata unashikana. Ndipo utie maziwa ya uvuguvugu au tui, kidogokidogo. Usikande kama wa chapati! Ukishikana tu, funika nusu saa.

Chachandu:
Nimenyoosha mikono 😂

Dada wa Mbagala:
Asante sana dada. Samli bei imechangamka, siagi ya kopo haifai? Na ile michirizi wanaiwekaje?

Mama Wawili:
Inafaa, ila chumvi usiweke, siagi inayo yake. Michirizi: bandika kidonge mgongoni mwa uma, kibonyeze kiwe bapa, kiviringishe, ubane mwisho kisifunguke kwenye mafuta. Lakini kwa biashara utazeeka na huo uma. Sukuma donge, kata mshazari kwa kisu, basi. Watoto wanataka sukari.

Fundi Karai:
Mmesahau moto. Tupia kipande kimoja kwanza. Kizame, kitoe viputo, kiibuke juu taratibu. Kikiibuka papo hapo na kuwa chekundu, punguza mkaa, maana ndani kitabaki kibichi na kikipoa kinalegea. Visheti havina haraka, ukiona unamaliza upesi ujue unaunguza.

Na hili joto letu la Dar, hasa masika, usifunge kitu kikiwa cha moto. Mvuke unageuka maji humo humo mfukoni, sukari yote inayeyuka. Viache sinia zima vipoe kabisa, ndipo uweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mifuko jaza kadiri unavyouza.

Mzee wa Kijiweni:
Somo limeeleweka. Sasa wa Kimara tunaletewa au tufuate?

Dada wa Mbagala:
Nauli juu yako baba 😀 Swali la mwisho: sukari inayobaki imeganda ukutani mwa sufuria natupa?

Mama Wawili:
Utupe sukari, bei hii? Tia maji kidogo, irudishe motoni iyeyuke yote, uongeze sukari mpya kwa mzigo unaofuata. Ila chuja kwanza, ile chengachenga ya unga ikiungua inatia uchungu.