Yamaha R6 ya 2008 au Kawasaki Ninja 300 ya 2014: ipi ya kununua hapa Mombasa?

MkaziWaBamburi

Assalam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa, kwa sababu nimewaona wengi mjini humu wakinunua pikipiki za spoti kwa macho na kuzilipia kwa machozi. Kwa miaka sita nimeendesha Bajaj Boxer 150 kutoka Bamburi hadi kazini Changamwe, nikipita Daraja la Nyali, Buxton na Makupa asubuhi na jioni, na katika muda huo nimeweka akiba ya shilingi 550,000 ambayo sina njia ya kuiongeza mwaka huu. Siku za mapumziko ningependa kufika Malindi, na mara moja moja Voi.

Nimepata mbili. Ya kwanza ni Yamaha R6 ya mwaka 2008, silinda nne, cc 599, ambayo kipimo chake kinasoma kilomita 38,000. Mwenyewe anakaa Shanzu karibu na ufuo na anataka 530,000. Ya pili ni Kawasaki Ninja 300 ya mwaka 2014, silinda mbili, kilomita 21,000, iko Tudor, na bei yake ni 430,000. Sifichi kwamba moyo wangu uko kwa R6, kwani picha yake ilikuwa ukutani kwangu tangu nikiwa shuleni. Je, pikipiki ya umri huo inaweza kununuliwa hapa pwani bila majuto, na nikienda kuikagua niangalie nini hasa?

FundiWaTudor

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umetaja umri na kilomita, lakini swali la kwanza ambalo mnunuzi wa pwani anapaswa kuuliza ni pikipiki ililala wapi. Pikipiki iliyokaa Nairobi miaka kumi na iliyokaa Shanzu miaka mitatu mbele ya bahari huja karakana kwangu zikiwa na sura moja kwa nje, ila ukifungua plastiki za ubavuni unaona viumbe wawili tofauti. Chumvi haili rangi kwanza. Hula mahali usipopaona.

Kwa R6 ya 2008 nina sababu maalumu ya kuogopa chumvi. Kuanzia mwaka huo Yamaha waliiwekea R6 fremu ndogo ya nyuma, ile inayobeba kiti, iliyosubiwa kwa magnesiamu ili kupunguza uzito. Magnesiamu ni nyepesi sana, lakini rangi yake ikichubuka kidogo tu katika hewa ya bahari, huanza kutoa unga mweupe na kuliwa taratibu. Ondoa kiti, chukua tochi, uangalie viungo vyote na matundu ya boliti. Ukiona unga au ufa, usiendelee kukagua kingine, kwa kuwa sehemu hiyo haichomelewi na fundi wa kando ya barabara. Tena pikipiki hiyo ina valvu ndani ya ekzosi inayovutwa na nyaya mbili na injini ndogo ya umeme. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stati, unapaswa kuisikia ikijizungusha kwa sauti ya chini. Ikiwa kimya, huenda imegandishwa na kutu, au mtu ameikata waya ili taa ya hitilafu isimsumbue.

Kisha foki za mbele, yaani miguu miwili yenye springi inayoshika gurudumu la mbele. Pitisha kucha yako juu ya chuma kinachong'aa, hasa upande wa mbele unaopigwa na upepo. Chumvi huacha vishimo vidogo kama makovu ya ndui, na kila foki inapobonyea, vishimo hivyo huchana sili (mipira inayozuia mafuta yasitoke), na mafuta humwagika hadi kwenye diski za breki. Muuzaji atakwambia kwamba sili ni kitu cha bei nafuu, na ni kweli. Asichokwambia ni kwamba sili mpya juu ya foki yenye vishimo haitamaliza miezi michache.

Umeme nao ni mgonjwa wa pwani. Fungua plagi za nyaya chini ya tangi uangalie kama zimeota kijani. Beba kipima volti, ukiweke kwenye betri, injini ikiwa inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika: unataka kusoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, chaji haifiki, na tatizo linaweza kuwa regyuleta (kidhibiti cha chaji), au koili za jenereta, au plagi iliyoungua baina yao. Ikizidi 15, regyuleta imekufa na itaua betri.

Injini uikute baridi. Mwambie mwenyewe mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika uguse ubavu wa injini kwa mkono. Akikwambia aliipasha moto kidogo ili isikusumbue, ujue alikuwa anakuficha kitu, labda kelele ya cheni ya valvu asubuhi au moshi wa buluu wa mafuta yanayoungua. Na kwa kilomita 38,000 kuna hesabu nyingine: Yamaha wanataka nafasi za valvu za R6, yaani uwazi mdogo unaoziwezesha kufunga vizuri, zipimwe ifikapo kilomita 42,000. Pikipiki nyingi za silinda nne huuzwa karibu na tarakimu hiyo, na si kwa bahati. Valvu 16 zinazofikiwa baada ya kuvua plastiki, tangi, kisanduku cha hewa na rediata ni kazi ya siku nzima au zaidi, na pesa yake itatoka kwako.

Mengine nitayapita haraka. Zungusha usukani gurudumu la mbele likiwa hewani. Ukihisi kama unaingia kwenye mfuo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Angalia vizuizi vya usukani kwenye fremu: vikiwa vimepondeka, pikipiki iliwahi kulala vibaya, hata kama plastiki zote ni mpya, tena zikiwa mpya mno zichunguze zaidi. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa (gurudumu la meno linalovutwa na cheni), na ikiachia hadi nusu ya jino ionekane, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja.

KijanaWaNyali

Kwa heshima zote kwa Fundi, naona mnamtisha ndugu yetu. Mtu aliyeendesha miaka sita bila kuanguka si mtoto. Akinunua cc 300, baada ya mwaka ataizoea, ataiuza kwa hasara, na atarudi kutafuta R6 ambayo bei yake itakuwa imepanda. Vilevile, anayetaka kwenda Voi anajua msururu wa malori baada ya Mariakani ulivyo. Pale unahitaji nguvu ya kulipita lori lenye trela na kurudi upande wako kabla ya basi halijakufikia. Kama R6 imekaguliwa ikaonekana safi, aichukue.

BintiWaLikoni

Kaka Kijana, hoja yako ya malori ina uzito, ila nguvu ya pikipiki ya cc 600 ya silinda nne haiko pale unapodhani. Nilikuwa na Honda CBR600RR kwa mwaka mmoja na miezi michache, na ninaijua tabia yake. Chini ya mizunguko 7,000 ni pikipiki ya kawaida tu, na ili ikupe ile nguvu unayoisimulia lazima uipeleke juu ya 10,000, ambako gia ya pili peke yake inakupitisha kilomita 100 kwa saa. Kati ya Bamburi na Makupa hakuna mahali pa kufanya hivyo kihalali, wala kwa akili timamu.

Ninachotaka kumweleza ndugu wa Bamburi ni maisha ya kila siku, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niiuze. Mimi huvuka Likoni. Foleni ya feri saa kumi na mbili jioni, joto la mji wetu, injini ya silinda nne katikati ya mapaja na feni inayomwaga hewa ya moto magotini: nilikuwa nafika nyumbani kama niliyetoka jikoni kwenye harusi. Usukani wa chini unabeba uzito wako wote viganjani unapokwenda polepole, na mwendo wa polepole ndio mwendo wa Mombasa. Matuta nayo, hasa yale yaliyojengwa na wakazi wenyewe bila kipimo, yalikwangua plastiki ya chini mara mbili. Sasa nina Ninja 250R, mtangulizi wa hiyo 300. Usukani wake umeinuka kidogo, miguu yangu inafika chini, na bado naona raha ninapopita Mtwapa kuelekea Kilifi alfajiri.

Kuhusu lori, Ninja 300 ukiishusha gia moja mapema inapita vizuri. Unapangilia tu, badala ya kuamua ghafla. Jambo jingine dogo: 300 ina klachi inayoteleza kidogo ukishusha gia kwa haraka, hivyo gurudumu la nyuma haliruki, jambo ambalo litamfaa sana mtu anayetoka kwenye Boxer.

WakalaMstaafu

Nimefanya kazi ya kuondoa mizigo bandarini kwa muda mrefu, kwa hiyo injini nawaachia wenyewe. Nitasema juu ya karatasi, ambazo naona hakuna aliyezigusa.

Kabla ya kwenda kwa fundi, omba nambari ya usajili ufanye utafutaji wa kumbukumbu za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia akaunti yako ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Jina litakalotoka lilingane na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako. Ukiambiwa kwamba mwenye kitabu cha umiliki yuko Dubai, au kwamba aliyemuuzia hakuwahi kuhamisha umiliki, usilipe hata amana mpaka mwenye jina apatikane, kwa sababu ni yeye anayeanzisha uhamisho katika akaunti yake, nawe unaukubali katika yako. Yaliyonifika mimi ni haya: nilinunua pikipiki kwa mtu ninayesali naye, kitabu nikakishika mkononi, nikaridhika. Baadaye kumbukumbu zikaonyesha jina la pili, la kampuni ya mikopo iliyomkopesha kwa dhamana ya pikipiki hiyo hiyo. Ilinichukua miezi minane na fedha za wakili, na bado nasali na mtu yule safu moja.

Linganisha pia nambari ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, pamoja na ile ya injini, na zilizomo kitabuni. Msishtuke mkikuta nambari fupi isiyo na tarakimu na herufi 17, kwani pikipiki zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na alama ya modeli, kistari, kisha nambari ya mfululizo. Hizo mara nyingi utazitambua pia kwa kipimo cha mwendo kinachoishia 180. Kinachopaswa kukushtua ni nambari iliyosuguliwa au tarakimu zisizokaa mstari mmoja. Na pikipiki yenye nambari za Tanzania inayouzwa kwa bei ya kutupa, ikisemekana kwamba ushuru utalipwa baadaye, iacheni irudi Lungalunga ilikotokea.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, Sura ya 405. Ile kubwa, inayofidia hata wizi, uliza bei yake kabla ya kununua, maana kwa pikipiki za spoti si kila kampuni itakukubalia.

MkaziWaBamburi

Nawashukuru nyote, na dada wa Likoni kipekee. Jumamosi nilikwenda kuzikagua zote mbili nikiwa na tochi, kipima volti na binamu yangu.

R6 nilipoifikia saa tatu asubuhi injini ilikuwa ya moto, ingawa nilikuwa nimempigia mwenyewe usiku kumwomba asiiwashe. Foki zina vishimo upande wa mbele, kama Fundi alivyoeleza. Valvu ya ekzosi ilikuwa kimya. Chaji ilisoma volti 12.9 na haikupanda. Nilipoomba kuondoa kiti, mwenyewe alisema ufunguo wa kiti umepotea. Nilikaa juu yake dakika moja, nikapiga picha, nikaondoka. Kijana wa Nyali, hukukosea kusema inapendeza.

Ninja ilikuwa imehifadhiwa ndani ya gereji yenye mlango. Injini baridi, iliwaka mara moja bila moshi, chaji 14.2, foki laini, na jina la NTSA ni la mwenyewe peke yake. Kasoro ni cheni iliyokwisha, maji ya breki yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi, na tairi zenye meno mengi lakini zilizoandikwa 1914, ambazo binamu alifurahia kwa kuwa zinaonekana mpya. Mwenyewe ameshuka hadi 395,000 na tumekubaliana kuanza uhamisho Jumatatu, malipo yafanyike nitakapoona ombi limefika kwenye akaunti yangu. Je, tairi hizo naweza kuzitumia kwa miezi michache kwanza?

FundiWaTudor

Hapana, mwanangu. 1914 maana yake ni wiki ya 19 ya mwaka 2014. Hizo ndizo tairi ambazo pikipiki ilitoka nazo kiwandani. Meno yapo, lakini mpira umekauka ukawa mgumu kama kwato, na mvua ya kwanza ya Aprili ikilainisha mafuta yaliyomwagwa na malori pale Kibarani, hazitashika lami. Nunua 110/70-17 ya mbele na 140/70-17 ya nyuma, usome tarehe ubavuni kabla ya kulipa, kwa maana madukani nako zimo zilizozeeka rafuni. Cheni na sproketi nunua seti moja. Maji ya breki ni ya aina ya DOT 4, chupa moja inatosha mbele na nyuma. Ukishapata umiliki ilete siku ya kazi asubuhi, na usiipitishe kwenye muoshaji wa mashine ya shinikizo njiani. Nataka kuiona na vumbi lake.