Mrejesho: Kidoti na goti lake

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu Kidoti, mbwa wangu mdogo aina ya Pomeranian wa miaka minne: anakimbia vizuri, ghafla anakunja mguu wa nyuma, anarukaruka hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mliosema pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, inahama, mlipatia.

Daktari wa mifugo alimlaza ubavu, akanyoosha goti na kusukuma kwa kidole gumba. Nikaiona pia ya goti kwa macho yangu ikiteleza upande wa ndani, halafu ikarudi mahali pake. Kwa ukali, tatizo lake ni daraja la pili kati ya manne. Upasuaji, wa kuchimba ule mfereji wa mfupa ambamo pia ya goti hukaa uwe na kina, kasema bado. Akizidi kuchechemea tutauzungumzia.

Kazi kubwa imekuwa uzito. Alikuwa kilo 4.6, leo 3.9. Kumbe mama alikuwa anamdondoshea ngozi ya kuku chini ya meza kila jioni! Kesi hiyo ilichukua wiki nzima kuimaliza. Sebuleni vigae vinateleza, nimetandika mikeka. Manyoya ya katikati ya vidole napunguza, na kuruka kutoka kwenye kochi marufuku, namshusha mwenyewe.

Aliyenishauri nimpe ibuprofen, ile dawa ya maumivu ya binadamu, ndugu yangu, hapana. Kwa mbwa inaharibu tumbo na figo. Kidoti aliandikiwa meloxicam, dawa ya maumivu, siku chache tu, baada ya kula.

Wiki hii kakunja mguu mara moja, alipomkimbiza paka wa jirani. Paka alishinda.