Nimepewa kukagua mabadiliko ya intarapti kwenye keneli, nianzie wapi?

Rejista64 (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kwa waliowahi kugusa sehemu hii. Tuna keneli (moyo wa mfumo endeshi) yetu wenyewe ya x86-64, na nimepewa pachi (mabadiliko ya msimbo) tatu nizikague kabla hazijaingia.

Ya kwanza inaunganisha njia zote za kuingilia keneli kwa intarapti (ishara zinazoikatiza prosesa) kuwa moja: inatazama biti mbili za chini za CS (rejista inayoonyesha kama msimbo ni wa mtumiaji au wa keneli) iliyohifadhiwa kwenye staki, ikiona tumetoka kwa mtumiaji inafanya SWAPGS (amri ya kubadilisha rejista ya GS ili ielekeze data za keneli za prosesa), vinginevyo inairuka. Ya pili inatuma EOI (ishara ya kumaliza intarapti) kwa APIC (kidhibiti cha intarapti) kabla ya kuita hendla (msimbo unaoshughulikia intarapti) ya kifaa, ili kupunguza ucheleweshaji. Ya tatu inaondoa pushfq/popfq (kuhifadhi na kurudisha hali ya intarapti) kwenye msimbo wa foleni na kuweka cli (kufunga) na sti (kufungua), kwa maelezo kwamba msimbo huo daima huitwa intarapti zikiwa wazi.

Majaribio yote yamepita. Aliyeziandika ni mzoefu kuliko mimi na namheshimu sana. Nikisoma sioni kosa, ila pia sioni kitu cha kunipa uhakika. Mnakaguaje mambo ya namna hii?

MlinziWaStaki
Mkuu, anza na ya kwanza na usiiachie haraka. Pitia msimbo wa kuingilia amri moja moja, na kwenye kila amri jiulize: NMI (intarapti isiyoweza kufungwa) ikitua hapa, GS ni ya nani na RSP (kielekezi cha staki) inaelekeza wapi?

Tazama SYSCALL (amri ya programu kuingia kwenye keneli). Inabadilisha CS kuwa ya keneli papo hapo, lakini haigusi RSP wala GS. Intarapti za kawaida mtakuwa mmezifunga kupitia IA32_FMASK (rejista ya bendera zinazofutwa SYSCALL ikiitwa), sawa. NMI haifungwi na IF (biti ya kufunga na kufungua intarapti), wala hitilafu ya mashine (vekta, yaani namba ya intarapti, 18). Kwa hiyo kati ya SYSCALL na SWAPGS pana upenyo ambapo CS inasema keneli na GS bado ni ya mtumiaji. NMI ikitua pale, pachi hiyo inaona CS ya keneli, inaruka SWAPGS, na hendla inaanza kusoma data za prosesa kupitia anwani aliyoichagua mtumiaji. Hapo keneli imeshatekwa. Kasoro ya usalama CVE-2018-8897 ya mwaka 2018 ilipita upenyo wa ukoo huohuo kwa kutumia MOV SS na vekta 1, na iligusa Linux, Windows, macOS na FreeBSD kwa pamoja.

Vekta 1 (debug), 2 (NMI), 8 (hitilafu maradufu) na 18 zipewe njia yao, zikiwa na staki za IST (staki maalumu ambazo prosesa yenyewe huhamia) na uamuzi wa GS usiotegemea CS. Wengine husoma MSR 0xC0000101 (rejista yenye anwani ya GS) na kuangalia kama anwani ni ya nusu ya juu, yaani ya keneli. Kama mmewasha FSGSBASE (amri za kuandika GS moja kwa moja) hilo halitoshi, kwa sababu mtumiaji anaweza kujiwekea thamani yoyote. Hifadhi ya zamani, weka ya prosesa bila sharti, irudishe wakati wa kutoka.

Na hata kwenye njia ya kawaida, baada ya kuamua kwa CS weka LFENCE (amri ya kuzuia prosesa kubashiri mbele). CVE-2019-1125 ilitokana na prosesa kubashiri njia na kuiruka SWAPGS.

LokiMbili
Naongezea ya pili. Jibu linategemea aina ya intarapti. Kwa MSI (intarapti inayotumwa kama ujumbe), EOI ya mapema inavumilika. Kwa laini inayobaki juu hadi kifaa kinyamazishwe, ukituma EOI kabla hendla haijakinyamazisha, IOAPIC (kipokezi cha intarapti za vifaa) inaituma tena hapohapo na mnapata mafuriko. Angalia pia kama draiva inasoma tena rejista ya kifaa baada ya kuiandikia, maana maandishi ya PCI hupitia foleni na huenda hayajafika.

Kitu kingine: vekta ya intarapti hewa (isiyo na chanzo) ya APIC haitakiwi EOI kabisa. Njia ya pamoja ikiituma kwa kila vekta, itafuta alama ya intarapti nyingine inayoendelea kushughulikiwa.

Ya tatu ikatae. Siku mtu akiita msimbo huo akiwa amefunga intarapti na ameshika loki (kufuli ya data), sti itazifungua katikati, hendla itaingia kwenye prosesa ileile na kuigombea loki ileile. Mashine inaganda. Kama mwandishi anaamini dai lake, basi aandike ukaguzi wa biti 9 ya RFLAGS (yaani IF) mwanzoni, ili dai litetewe na msimbo wenyewe.

Rejista64
Asanteni sana. Mbona majaribio hayakuonyesha chochote? Tunatumia QEMU (kiigizaji cha mashine) bila KVM (msaada wa prosesa halisi).

MlinziWaStaki
QEMU ya namna hiyo huangalia intarapti kati ya vipande vya amri, si kila baada ya amri, kwa hiyo mianya mingi haitaguswa hata mkikesha. Tumieni mashine halisi: kiini kimoja kitume NMI mfululizo kwa kingine kupitia APIC, huku hicho kingine kinaita SYSCALL bila kupumzika, GS ikiwa na thamani ya ajabu.

LokiMbili
Kuhusu heshima kwa mwandishi: omba atenganishe pachi ya kwanza iwe na hatua ndogo, na juu ya kila njia aandike hali inayotarajiwa ya GS, staki na IF. Hiyo ni haki ya mkaguzi, wala si kumdharau. Na kwenye Linux, Acked-by (alama ya kukubali) inaweza kuwekwa kwa sehemu tu ya pachi. Nawe kubali ulichokielewa, useme wazi kipi bado.

Rejista64
Nimemwandikia, amekubali kutenganisha. Ila nimeona hendla yetu ya NMI inaandika kwenye bafa inayoweza kuleta hitilafu ya ukurasa. Ni tatizo?

MlinziWaStaki
Ni kubwa. IRET (amri ya kurudi kutoka kwenye intarapti) ya hitilafu ya ukurasa inaruhusu NMI tena wakati ya kwanza haijaisha. Ya pili inaanza juu ya IST ileile na kufuta fremu ya kwanza. Bafa ipangiwe kurasa zake mapema, mfumo ukiwaka, na hendla isiguse kumbukumbu nyingine yoyote inayoweza kukosekana. Rekebisheni hilo kwanza, pachi ya kwanza isubiri.