Ushauri: anwani yangu iko wazi mtandaoni, nijaze ombi la kufutwa California?

Mpole_wa_Mbali: Wakuu, sina usingizi. Nimejitafuta mtandaoni, nikakuta anwani, simu, hadi majina ya ndugu. Nasikia California unaomba mara moja tu, unafutwa kwa mabroka wote wa data, yaani kampuni zinazokusanya na kuuza taarifa za watu. Nijaze?

MzeeWaOakland: Jaza, ni bure. Ni sheria ya Delete Act ya 2023, mfumo wake unaitwa DROP, ulifunguliwa Januari 2026. Mabroka wanaanza kufuta Agosti 1, kisha wanarudia kila siku 45. Broka akikaidi, faini dola 200 kwa kila ombi kwa kila siku. Ila ni kwa wakazi wa California. Upo mji gani?

Mpole_wa_Mbali: Mji si hoja mkuu. Wanachukua muda gani?

MamaSalha: Mnaanika watoto Facebook, leo mnataka sitara!

Kibarua_254: Mimi nilijaza fomu ya bima ya gari, simu zikaita miezi mitatu. Mmoja nikamwambia marehemu hana gari. Akanipa pole, akaniuzia bima ya mazishi.

MzeeWaOakland: Nimeuliza mji.

Mpole_wa_Mbali: Haya, Houston, Texas. Lakini nimeshahamisha barua zangu posta ziende kwa binamu Sacramento, kwa hiyo kikaratasi ni mkazi.

MzeeWaOakland: Kikaratasi! Huo ni uongo kwa serikali. Texas mabroka wanajisajili tu, mfumo wa ombi moja hakuna. Haki ya kufutiwa unayo tangu Julai 2024, ila unaiandikia kampuni moja moja. Na posta huwapa kampuni zenye leseni anwani mpya za waliohama. Umewaongezea data.

Mpole_wa_Mbali: Kampuni moja moja nitamaliza lini? Na binamu karidhia.

MamaSalha: Anayekutafuta nani?

Mpole_wa_Mbali: Watu wa upatu. Nilikuwa kijumbe. Hela nitarudisha, wasije mlangoni tu.

Kibarua_254: 😂😂 Kumbe sheria ya faragha ni ya wala upatu!

Nyuki_Mkali: Chai hii. Desemba huyu alikuwa Muscat, anauliza bei ya kontena.

Mpole_wa_Mbali: Akaunti tunatumia wawili na shemeji.

Kibarua_254: Shemeji naye alicheza upatu?

Nyuki_Mkali: Kontena lilifika lakini?

Mpole_wa_Mbali: Wakuu, tuache utani. Nimejitafuta tena sasa hivi. Anwani ya Sacramento imeingia, na jina la binamu chini yake.