NIMECHOKA: Ruta mpya haionekani kwenye laptopu, printa inaikataa, na kila mtu ananiambia kosa ni la vifaa vyangu

Wakuu, habari za jioni. Leo ni siku ya 19 nazungushwa na kampuni iliyoniwekea intaneti ya nyumbani. Sikuandika mapema kwa sababu niliwaamini waliojiita wataalamu. Sasa yamenifika shingoni. Nisomeni mpaka mwisho, maana najua humu wapo wengi waliopata hasara kama yangu, wakatupa vifaa vizima wakidhani vimekufa.

Nakaa Tabata. Chumba cha mbele nimekifanya steshenari: natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, najaza watu fomu za mtandaoni. Huu ni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na ni miezi hii ndiyo ninayotegemea kulipia ada ya wanangu. Vifaa vyangu ni laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo, printa ya waifai yenye umri mkubwa kuliko hiyo laptopu, na simu 2. Kwenye ruta yangu ya zamani vyote vilikuwa vinashikana, miaka inapita sijui hata ruta inakaa upande gani wa ukuta. Kisha kampuni wakaja kunibadilishia. Wakafunga ya kwao, wakasema ni ya kisasa, ni Wi-Fi 6, yaani kizazi kipya cha waifai, na ile yangu niiweke kabatini haina kazi tena.

Jioni ileile laptopu haikuiona waifai.

Sisemi ilikuwa inakatika au iko taratibu. Haikuiona kabisa. Ruta iko ukutani, mita 2 kutoka kwenye kiti changu. Nafungua orodha kwenye laptopu: ya jirani wa kushoto ipo, ya baa ya ng'ambo ya barabara ipo, ya ghorofa la nyuma ipo. Nilizihesabu, zilikuwa 7. Yangu haimo. Nikachukua simu ya binti yangu nikailaza juu ya kibodi ya laptopu hiyohiyo, na kwenye simu waifai yangu ndiyo ya kwanza, imejaa mistari yote. Kwa hiyo mashine inaona mawimbi yanayopenya kuta za watu, halafu haioni kitu kilicho juu ya kichwa chake.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Mama, zima ruta, subiri sekunde 30, washa." Nikafanya. Nikapiga tena, mwingine akapokea, akaanza upya: "Mama, zima ruta." Kila simu ni mtu mpya na ni maneno yaleyale, na kila mara inabidi nieleze tangu mwanzo huku wateja wamesimama dirishani na flashi zao mkononi. Nilichokuwa nawaambia ni sentensi moja tu: simu inaona, laptopu haioni. Sentensi hiyo peke yake ingemtosha mtu anayejua kazi yake.

Siku ya 4 wakaleta fundi. Akatoa simu yake mfukoni, akaunga, akapima kasi, akaupiga picha ule upimaji, akasema mtandao unatoka vizuri, tatizo ni laptopu, na vifaa vya mteja si jukumu lao. Meseji ya kuniambia tatizo langu limetatuliwa iliingia akiwa bado anavaa viatu mlangoni. Laptopu hakuigusa. Hakuitazama hata kwa jicho.

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwa aliyeniuzia. Akaiwasha palepale dukani, ikashika waifai ya duka mara moja. Akasema mashine nzima, rudi kwa watu wa mtandao. Nikarudi nyumbani na mashine nzima isiyoshika. Nikampata fundi wa kompyuta mtaani, yeye akasema kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoshika mawimbi, imekufa. Nikamuuliza, kama imekufa, mbona inashika hotspoti ya simu yangu? Akasema inakufa polepole. Nikampa 45,000 akabadilisha, akaweka nyingine ya familia ileile, na hali ikabaki vilevile. Hii hela inaniuma mpaka leo. Niliitoa kwenye bahasha ya ada.

Aliyenifungua macho ni mteja, kijana wa chuo aliyekuwa anasubiri kuprinti kupitia bando langu la simu. Akaniomba tufungue Meneja wa Vifaa kwenye Windows. Kadi ya Intel, AC 7265. Akabofya sehemu ya draiva, ile programu inayoendesha kadi, akanionyesha tarehe: 2015. Akasema, mama, usinunue kitu kingine chochote.

Nitaeleza nilivyoelewa. Ruta yoyote ikiwa imewashwa inajitangaza hewani, takriban mara 10 kila sekunde. Kwenye tangazo hilo inataja jina lake, chaneli yake (njia ya mawimbi inayotumia), na namna za mawasiliano inazozijua. Ruta za Wi-Fi 6, kiwango ambacho Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za waifai, walianza kukitolea vyeti mwaka 2019, zimeongeza maelezo mapya kwenye tangazo hilo. Kifaa cha zamani kinatakiwa kiruke yale kisiyoyajua na kisome yaliyobaki. Draiva za zamani za kadi hizi za Intel haziruki. Zikikutana na maelezo mapya zinalitupa tangazo zima, na ndiyo maana jina halitokei kwenye orodha. Waifai za jirani zangu zilikuwa zinaonekana kwa sababu ruta zao ni za zamani! Hotspoti ya simu yangu vilevile, na ya duka la Kariakoo vilevile.

Na hii si siri ya mtu. Intel wenyewe wameandika kwenye tovuti yao kwamba kadi zao zenye draiva za zamani haziyaoni majina ya mitandao ya kiwango hicho, wakataja kadi zinazohusika na wakatoa draiva mpya bure. Tukawasha hotspoti, tukapakua draiva ya 7265, tukaipachika, tukawasha upya mashine. Jina la waifai yangu likatokea. Wakuu, nilikaa chini kwenye stuli nikalia, na haikuwa furaha. Nilikuwa nawaza ile 45,000, na wateja wote waliokwenda duka la pili kwa siku 12.

Sasa niambieni. Kampuni inayosambaza ruta hizi kwenye nyumba za watu, mji ambao laptopu nyingi tunazotumia ni mtumba, itakosaje kujua jambo hili? Swali moja tu kwenye karatasi ya huduma kwa wateja lingeniokoa: "Laptopu yako ina kadi gani, na draiva ya mwaka gani?" Au wangezima tu hali ya Wi-Fi 6 kwenye ruta kwa muda, ikajitangaza kwa mtindo wa zamani, nikafanya kazi yangu. Badala yake wakaniambia kifaa changu kibovu, na mimi nikaamini, nikaenda kulipa fundi.

Haijaisha. Printa.

Printa inaliona jina. Naiwekea paswedi, herufi moja baada ya nyingine kwa vile vitufe vyake vya mshale, inazunguka, inazunguka, inasema imeshindwa kuunga. Nimerudia mpaka kidole gumba kimeota sugu. Paswedi ni sahihi, simu zinaingia nayo. Kumbe ruta imewekwa kwenye ulinzi wa WPA3 pekee, yaani namna mpya ya kuilinda waifai kwa paswedi. WPA3 ilitoka mwaka 2018. Printa yangu imetengenezwa kabla ya hapo, inajua WPA2 tu, ile ya mwaka 2004 ambayo mpaka leo inatumika dunia nzima. Wala ruta haikosi njia ya kuwahudumia wote wawili: kuna hali ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 kwa pamoja, kifaa kipya kinaingia kwa hii, cha zamani kwa ile. Nimeiona kwa macho yangu kwenye ukurasa wa mipangilio. Ipo pale, imepakwa rangi ya kijivu, haibofyeki. Paswedi iliyobandikwa chini ya ruta inakuingiza kama mgeni tu, unaruhusiwa kutazama na kubadili jina la waifai, basi.

Nikaomba paswedi ya msimamizi. Hatutoi. Nikaomba basi wabadilishe wao. Wakasema haiwezekani, ni kwa usalama wako. Hapa ndipo nilipopandwa na hasira hasa, kwa sababu wiki ya kwanza dada mmoja wa huduma kwa wateja alinibadilishia chaneli akiwa kwenye kiti chake ofisini, tukiwa tunaongea kwenye simu, haikuchukua dakika 2. Mkono wanao. Wanaingia kwenye ruta iliyo ukutani kwangu, inayotumia umeme wangu, muda wowote wanaotaka. Mimi niliye nayo chumbani ndiye siruhusiwi.

Na kuhusu usalama, nisieleweke vibaya. Najua WPA3 ni bora, inamzuia mtu kunasa mawasiliano yako akaenda kubahatisha paswedi nyumbani kwake. Siombi wanirudishe kwenye WEP, ule ulinzi wa kale uliovunjwa hadharani tangu mwaka 2001. Naomba hali ya mchanganyiko, ambayo waliotengeneza ruta wameiweka humo makusudi kwa ajili ya watu kama mimi.

Kwa sasa nimejinusuru kwa ile ruta niliyoambiwa niiweke kabatini, na hili naliandika kwa ajili ya yeyote aliyekwama kama mimi. Mara ya kwanza fundi wa mtaani aliiunga kienyeji tu, akachomeka waya akaondoka, nyumba nzima ikakosa intaneti. Ruta zote 2 zilikuwa na anwani ileile, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao wa nyumbani, 192.168.1.1, na zote zilikuwa zinagawa anwani kwa vifaa. Simu hii inapewa namba na huyu, ile inapewa na yule, hakuna anayejua mlango wa kutokea. Yule kijana wa chuo ndiye aliyeipanga sawasawa. Kabla ya kuunganisha chochote, aliingia kwenye ruta ya zamani peke yake, akaibadilishia anwani iwe 192.168.1.2, akazima DHCP, ile huduma ya kugawa anwani, ili mgawaji wa anwani abaki mmoja. Akaipa jina tofauti na WPA2, akaiweka chaneli 11 kwa kuwa mpya ilikuwa 1, zisigombane. Halafu waya akautoa kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta mpya akauingiza kwenye tundu la LAN la zamani. Zingatieni hapo: LAN kwa LAN. Ukiuchomeka kwenye lile tundu la WAN, la kupokelea intaneti kutoka nje, printa inabaki nyuma ya ukuta wa ruta ya pili, na simu zilizo kwenye ruta ya kwanza hazitaitafuta zikaipata. Printa ikaunga mara ya kwanza. Karatasi ya majaribio ikatoka, ya moto, na nimeibandika ukutani.

Kijana hakutaka hata shilingi. Nilimprintia fomu zake zote bure, na akirudi nitamprintia tena.

Lakini sioni kwa nini mimi niendeshe ruta 2, waya umekatiza sebuleni watoto wanajikwaa, umeme wa LUKU unakwenda, kwa sababu kuna mtu ofisini amekataa kubofya sehemu moja. Tiketi yangu ya tatu wameifunga leo saa 4 asubuhi, sababu wameandika "kifaa cha mteja hakiendani". Hakiendani! Printa imekuwa ikiprinti humu ndani kabla hawajajua njia ya kuja kwangu. Wao ndio walioleta kitu kisichoendana na nyumba, halafu nyumba ndiyo inaambiwa ina kasoro.

Nimewaandikia barua, nakala ninayo, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nimedai mambo 3: waweke hali ya mchanganyiko au wanipe paswedi ya msimamizi, wanirudishie 45,000 niliyopoteza kwa maelezo yao ya uongo, na wanikatie kwenye bili siku 12 ambazo nililipa kifurushi chao huku nanunua bando la 2,000 kila siku niweze kuhudumia wateja. Wasiponijibu nachukua barua hiyo napeleka TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, kwa sababu utaratibu ni uanze kwa mtoa huduma, nami nimeanza.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Mwenye ruta ya Wi-Fi 6 aliyofungiwa na mtoa huduma, akaomba kubadilishiwa ulinzi au kupewa paswedi ya msimamizi, aandike hapa alijibiwa nini na ilichukua siku ngapi. Na aliyefanikiwa kuwashawishi waifanye ruta yao iwe daraja tu, ipitishe intaneti bila kuigawa, ili atumie ya kwake, naomba aniambie alitumia maneno gani, maana kesho saa 2 asubuhi nakwenda ofisini kwao na siondoki bila jibu la maandishi.